Pipa la Kache Ndani ya Tairi

Chengo Tembo aliyalima mashamba ya watu wote wa upande ule wa Kinango, na shamba lake halikuwahi kuguswa na trekta. Msicheke. Trekta lilikuwa la kikundi. Wakulima walijichanga wakalinunua kuukuu, na dereva akawa Chengo, kwa sababu ndiye aliyelijua tangu injini hadi nati ya mwisho. Kila msimu zamu zilipangwa, na kila msimu jina lake lilikwenda mkiani. "Wewe trekta si unalo mkononi?" watu walimwambia. "Utalima wakati wowote." Wakati wowote huo haukufika. Akimaliza ya wenziwe, ardhi ilikuwa imekwisha kukauka, naye alirudi kwa mkewe Kache kushika jembe la mkono. Mganga hajigangi.

Mwaka huu Kache alichoka. Alijifunga leso kiunoni, akaenda mwenyewe kwenye mkutano wa kikundi, akasimama mbele ya mwenyekiti, Mzee Chirau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwaka jana tulivuna mabua. Mwaka juzi hata hayo mabua hatukuyaona. Mume wangu anawalimia ninyi nyote. Msimu huu aanze kwetu, ama mtafute dereva mwingine."

Watu waliguna. Mzee Chirau alizikuna ndevu zake, kisha akasema, "Haki ni haki. Mvua ikinyesha, inshallah, Chengo aanze kwake." Kache alirudi nyumbani akiimba njia nzima. Chengo si mtu wa kucheka ovyo, lakini alipopewa habari hiyo alicheka mpaka akajifuta machozi.

Na mvua ikanyesha. Haikuwa mvua ya kujaza lambo wala vyombo. Ilikuwa ya kulowesha udongo tu, ila kwa Kinango hiyo ni sherehe. Asubuhi yake Chengo aliliingiza trekta shambani mwake. Kache alisimama pembeni na kibuyu cha mbegu, mahindi aliyoyaficha tangu mavuno mazuri ya mwisho, hata njaa ilipobisha hodi hakuyagusa. Udongo ulipinduka mwekundu, unanukia. Mistari michache tu, trekta likagonga kitu, likayumba, na tairi kubwa la nyuma upande wa kulia likaanza kumwaga maji.

Naam, maji. Asiyejua matrekta na aelezwe: tairi la nyuma hujazwa maji, upepo ukamalizia, ili trekta liwe zito na likanyage ardhi sawasawa. Bila uzito huo gurudumu huzunguka bure na jembe halivutiki. Basi maji yale ya miaka yote yalimwagika, na kabla Chengo hajashuka kitini ardhi ilikuwa imekwisha kuyanywa.

Kilikuwa kisiki cha mgunga. Visiki vya mashamba ya watu Chengo alivijua vyote, angevikwepa hata akisinzia. Cha kwake hakukijua, maana angekijulia wapi?

"Ng'ombe wa maskini hazai," alisema Ziro, ndugu yake Kache, aliyekuja kusaidia kupanda, "na akizaa, huzaa dume."

"Shemeji, funga mdomo, lete mawe."

Waliyakinga magurudumu mengine kwa mawe, wakatandika ubao mnene chini ya jeki isije ikazama kwenye udongo mbichi. Chengo alizilegeza nati kwanza, gurudumu likiwa bado chini, huku amechomeka bomba la chuma kwenye mkono wa spana apate nguvu. Nati moja ilikataa. Alilipandia lile bomba kwa miguu yote miwili, akalirukia huku akiitukana nati ile matusi ambayo Kache alijifanya hakuyasikia, mpaka ikakubali. Ndipo akapiga jeki, pole pole.

"Usilibebe!" alimpigia Ziro kelele gurudumu lilipochomoka. "Litembeze. Lipeleke huku, sasa huku. Likitaka kuanguka, liache lianguke, wewe kimbia. Likikulalia hili, dada yako ataniua."

Lilianguka kwa kishindo na kuku wakatawanyika. Kazi ikawa kuutenga ukingo wa tairi na chuma kwa nyundo na mitaimbo, kuuchomoa mpira wa ndani, kuusugua na kuubandika kiraka. Kulirudisha tairi kulikuwa kugumu zaidi. Kwa kawaida ukingo hupakwa maji ya sabuni uteleze, lakini nani alikuwa na maji ya kuchezea? Kache alikata majani ya mshubiri uani, wakaupaka utomvu wake, nao ukateleza. Kisha wakapokezana kupiga pampu ya mguu mpaka giza likaingia, na kesho yake ndipo wakalisimamisha gurudumu, wakalitembeza hadi mahali pake, wakafunga.

Chengo aliwasha, akashusha jembe. Gurudumu la kulia lilizunguka papo hapo, likajichimbia shimo.

"Ni jepesi," alisema, akazima. Lambo lilikuwa tope. Alikaa kwenye tuta, akaokota bonge la udongo, akalivunja. Juu lilikuwa limeanza kukauka. Alijua yalipo maji mengine, lakini hakuthubutu kuyataja.

Ni Kache aliyeyataja. "Kuna pipa."

"Kache, hilo ni la kunywa."

"Nisijue? Si nimelijaza mimi, mtungi kwa mtungi, kwa kichwa hiki? Ardhi hii ikikauka leo, nitayanywa hayo maji nikiangalia nini? Mvua imeanza, Baba Jumwa. Itarudi."

Ziro aliguna. "Nilipokuwa mtunza bustani kule Diani, majani ya hoteli tulikuwa tunayamwagia asubuhi na jioni. Na hayaliwi hata na mbuzi."

Waliliinua trekta tena kwa jeki, wakaligeuza gurudumu tundu la upepo likawa juu, wakachomeka mpira mwembamba na kuukweza mtungi juu ya madigadi ili maji yateremke yenyewe. Kache aliteka, Ziro alipandisha, Chengo aliushika mpira na sikio lake ameliweka kwenye tairi, akiyasikiliza maji yanavyogugumia humo ndani. Maji ya pipani yalipofika chini, Kache alikwangua kwa kata. Midomo yake ilikuwa imekauka, Chengo akaona, na akaona haya.

Lakini walilima! Shamba zima. Kache alipanda akiwa karibu kukimbia, akabakiza mbegu kidogo mle kibuyuni za kujazia mapengo. Kisha Chengo akaendelea na mashamba ya wenzake, maji ya Kache yakizunguka ndani ya tairi na kuwalimia watu wote. "Ahsante kwa maji, mama!" walimtania njiani, naye alicheka.

Mvua haikurudi. Mahindi yaliota, yakatoa majani mawili mabichi ya kupendeza, kisha yakaanza kujikunja. Chengo aliomba kanisani, akamwendea na Mzee Chirau amwombee msikitini, asije akawa anabisha mlango usio wenyewe. Wapi! Jua liliwaka vile vile. Shamba lilibadilika rangi, mbuzi wakakonda, na Kache akawa anafuata maji mbali zaidi, akirudi mara nyingine na mtungi mtupu.

Asubuhi moja alisimama kando ya trekta, mtungi mkononi.

"Nirudishie maji yangu."

Chengo alimtazama. Tairi likiwa na maji, mtu aliweza bado kusema: ikinyesha tutalima upya, tutapanda upya. Likimwagwa, msimu umezikwa.

"Tungoje kidogo, mke wangu. Pengine mawingu..."

"Mawingu yapi?"

Aliangalia juu. Hakukuwa na wingu. Alipiga jeki huku analia, na hakujificha. Aliligeuza tundu likawa chini, akalifungua, na maji yakatoka meusi, yananuka mpira. Majirani walisikia, wakaja na mitungi yao mmoja mmoja, na Kache akawapa wote. Maji hayanyimwi mtu. Trekta likabaki limeegemea upande mmoja.

Yake Kache aliyachuja kwa leso mara mbili, akayabandika jikoni. Kisha akakileta kibuyu, akaziangalia mbegu zilizobaki, akazimimina zote sufuriani.

Zilipoiva alimpakulia mumewe. Chengo alitia tonge mdomoni, akasita. Zilinuka tairi.

"Kula, Baba Jumwa," Kache alimwambia kwa upole. "Ndiyo mavuno hayo."