Mteja wa Siyami

Kila asubuhi binti mmoja mgeni huja kwenye kibanda changu cha chakula, huweka kidole juu ya kopo langu la samli, hutikisa kichwa, kisha husema neno la Kiarabu alilolishika kuliko yote: "Siyami?" Ndivyo Wakristo wa hapa mtaani Shubra wanavyokiita chakula cha mfungo, kisicho na nyama, maziwa wala yai. Huyanusa mafuta, huukata mkate vipande vidogo, huifuta sahani ya ful, maharage ya kupondwa, mpaka ing'ae. Kwaresima nzima majirani Wakristo walimhesabu mwenzao. "Sogea, dada, tubanane!" Jirani mmoja, Mama Kirolos, alimvuta mkono, naye akabanwa ukingoni mwa benchi, akicheka mizaha asiyoielewa. Mimi Mwislamu, nauza. Anayefunga na asiyefunga wote wateja.

Siku ya Pasaka benchi lilikuwa tupu. Akaja, kidole kwenye kopo. "Siyami, ami?"

"Binti, mfungo umekwisha! Nenda kale nyama na wenzio."

"Wangu hauishi, ami. Sili cha mnyama kamwe."

"Mfungo gani huo usio na sikukuu?"

Mama Kirolos akapita na nguo mpya, sinia la nyama mikononi. "Dada! Twende kwetu, leo tunakula!" Mgeni akainuka nusu, akalitazama sinia, akaweka mkono kifuani kuomba radhi.

"Aa, basi," akasema Mama Kirolos, akaenda zake.

Nikampa ful yake ya moto. Benchi zima lilikuwa lake, lakini alikaa palepale ukingoni, kama vile wenzake wako njiani.