Kilomita Nane Nilizozikariri

Mke wangu alikuwa na miaka mitatu Ufaransa, anafanya usafi katika hoteli ya mji mmoja wa kale, na mimi nilikuwa bado Bertrams, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, nalinda mlango wa duka la vitambaa. Viza ya kumfuata nilishanyimwa mara moja. Ubalozini walisema ndoa yetu ni ya karatasi. Ya karatasi! Mahari ilipelekwa Bukavu, wajomba wakala mbuzi wawili, halafu mtu ananiambia karatasi.

Rafiki mmoja wa kanisani akanishauri: mara hii uwaoneshe unajua anakoishi. Nikamwomba mke wangu anitumie kitu. Akapiga picha kijikaratasi cha wageni pale mapokezi: njia ya kutembea mashambani, kilomita nane, kutoka lango la mawe hadi darajani, kinu cha maji, mashamba ya mizabibu, kanisa dogo kilimani, na kurudi.

"Lakini mimi sijafika huko, papa," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita. "Nikitoka kazini miguu imekufa."

"Jikaze uende, wewe! Mimi nitawaeleza nini?"

Sisi shule tulifundishwa kukariri, na ukikosa neno moja ni kiboko. Basi kila Jumapili baada ya ibada nilipanda kutoka Bertrams hadi mtaa wa Troyeville nikiitaja njia ile kwa sauti. Duka la spaza la kona lilikuwa lango, taa za robot za kuongozea magari zilikuwa daraja. Watu wakinishangaa, shauri yao. Jioni nampigia simu: baada ya kinu ni kushoto au kulia? Alijibu kwa uchovu, nami nilikasirika kwamba ananichelewesha.

Siku ya mahojiano niliimwaga yote bila kukwama. Mama wa dirishani akaacha kuandika.

"Umekariri vizuri," akasema. "Mke wako anakunywa nini asubuhi, kabla ya kazi?"

Chai? Kahawa? Eish! Na mdomo wangu, mjinga kabisa, ukaanza upya: kutoka lango la mawe, unateremka hadi darajani…

Baada ya wiki mbili jibu likaja: hapana. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia mbele za watu, mwanamume mzima, sikuona haya. Kisha nikampigia.

"Asubuhi unakunywaga nini?"

"Maji ya bomba tu," akasema. "Miaka mitatu, papa, ndiyo unauliza leo."