Kupe wa Mzee Ndahani

Kuna Jumatano moja ya kuogesha ng'ombe joshoni bado inaniuma, mjukuu wangu, na leo umeitonesha. Umenitumia video, jamaa anayepinga nadharia ya mageuko anauliza jicho litajitengenezaje lenyewe, nawe umeandika chini yake, "Babu, wanasayansi wamekwisha!" Umefurahi kweli. Mimi sikufurahi.

Si kwamba jamaa nampinga. Nimepasua ng'ombe wengi, na nikiyaona yale matumbo manne, jinsi moja linavyolikabidhi jingine kazi, siwezi kukubali kwamba yalijipanga tu bila aliyekusudia. Nilibishana hivyo hivyo nikisomea mifugo chuoni Mpwapwa. Mwalimu alitueleza kwamba dawa moja ikitumika joshoni miaka mingi, kupe wanyonge hufa, wachache wanaoivumilia huzaa, na mwishowe unabaki na kizazi kisichosikia dawa. Nikaziba masikio. Niliona nikimkubalia habari ya kupe, kesho atadai na matumbo yale manne yalijipanga yenyewe. Ujinga mtupu!

Basi nikapangiwa kijiji, bwana mifugo kijana, na Jumapili nahubiri. Jumatano hiyo akaja Mzee Ndahani, mfugaji wa Kigogo, mpole, ambaye ng'ombe wake kumi na wawili ndio walikuwa chakula cha nyumba nzima. Akafungua kiganja. Kupe anatembea.

"Bwana mifugo, huyu nimemtoa kwa ng'ombe aliyeogeshwa juzi. Dawa haimwezi. Na hawa wakizaana, watoto watakuwa hivi hivi. Tuombee dawa nyingine wilayani."

Mzee ambaye hakuwahi kukanyaga darasa alikuwa ameyaona yale niliyofundishwa nikayakataa. Nikamjibu mbele ya wafugaji wote, kwa sauti ya mimbarani: "Mzee, Mungu aliumba kupe, na kupe ni yule yule. Dawa ni nzima. Sema tu unaruka zamu za kuogesha." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Loh!

Hakubishana. Msimu wote wa mvua aliwaleta ng'ombe wake kila wiki kwenye dawa ile ile, kwa kuwa mtaalamu amesema. Ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaingia. Tezi zikavimba chini ya masikio, ng'ombe wakahema kwa shida, wakaanguka mmoja mmoja. Walibaki wawili. Wajukuu wakakosa maziwa, na mwanawe mkubwa akaenda mjini, Chang'ombe, kubeba mizigo. Nilipokwenda kumpa pole, nilimkuta amekaa zizini.

"Mungu ulimtetea wewe," akaniambia. "Ng'ombe wangu walikuwa wanatetewa na nani?"

Nikaaga, nikaondoka bila kusema "nisamehe". Dawa nyingine niliiomba, ikaletwa, zizi likiwa limebaki na wale wawili. Tangu hapo nikimwamkia aliitikia marahaba, basi, anageuka. Akafa hivyo. Nimetubu kanisani sijui mara ngapi. Moyo haujatulia, na sidhani utatulia.

Mjukuu wangu, bishana. Waulize wanasayansi maswali magumu, mimi mwenyewe bado nayauliza. Lakini mtu akikuletea jambo alilolishuhudia, litazame kwanza, kabla hujapima linamsaidia nani katika ubishi wenu. Mungu hahitaji ukaidi wetu ili aendelee kuwa Mungu. Na ukimwaibisha mtu, mfuate siku ile ile.

Mungu akulinde, akupe akili tulivu. Na ukikosea, maana utakosea, akujalie uliyemkosea awe bado hai siku utakapopata ujasiri wa kumwomba msamaha.