Taa ya Kushoto

Mimi ni mtu mpole mpaka nishike usukani. Darasani nimewahi kumsikiliza mwanafunzi nusu saa nzima akinieleza kwa nini hakusoma kitabu nilichompa, na sikumkatisha. Lakini nikikaa nyuma ya gari linalokwenda mwendo wa arobaini, elimu yote inanitoka. Napiga honi. Nawasha taa kubwa mchana. Nasema maneno ambayo mke wangu, akiwemo garini, huyajibu kwa kutazama nje.

Kibaya zaidi, nina nadharia. Niliiokota Dar es Salaam nilipokuwa nasomea shahada ya pili: mwenye mwendo wa pole akae njia ya kushoto, ya kulia awaachie wenye haraka, na asiyejua hilo asipewe leseni. Nilipopata kazi ya kufundisha Mbeya nilikuja nayo, ingawa barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ukisogea kushoto kidogo tu unaingia kwenye chai ya watu. Huko hakuna njia ya wenye haraka. Kuna haraka tu, na kona.

Alhamisi ninayoisimulia nilikuwa nimetumwa. Dada yangu aliye Dodoma na kaka yangu aliye Dar es Salaam walikuwa wamekubaliana, kwenye kundi la familia kwenye simu, kwamba Mama anyang'anywe funguo za gari. Jirani yake huko Kawetele, Tukuyu, alikuwa amempigia kaka kumwambia kuwa bibi anaendesha taratibu mno, malori yanapanga foleni nyuma yake hadi kona ya pili, na madereva wanampita kwa hasira. Iko siku, alisema jirani, na hakumalizia. Mimi ndiye ninayeishi karibu, saa moja na nusu tu kwa gari. Sikuwaambia ndugu zangu kwamba sikuwa nimefika nyumbani karibu mwaka mzima.

Mama ni mkunga mstaafu. Ana miaka sabini na minne na pikapu ndogo ambayo tangu zamani naijua kuwa nyeupe. Kila Alhamisi huiendesha kwenda Kiwira kwa dada yake, mama yetu mkubwa, ambaye miguu yake ilikataa kazi miaka mitatu iliyopita. Humpelekea maziwa mgando na ndizi, humwosha miguu, humkata kucha, kisha hukaa naye mpaka alasiri. Basi la abiria humshusha mtu mbali na nyumba ile, na mlima wa kuifikia si wa nyonga ya Mama. Bodaboda alijaribu mara moja, akasema hatarudia kumkumbatia kijana wa watu kiunoni kwenye mteremko. Kwa hiyo sote watatu tulijua tunachomnyang'anya. Ukimchukulia funguo, umemchukulia dada yake.

Nikiwa njiani nilijiandalia hotuba. Ilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Nilikuwa kwenye hoja ya pili nilipoipita Kiwira na kukuta mbele yangu lori, Kosta, na mbele ya Kosta pikapu ya kijani iliyofunikwa turubai, imechafuka matope mpaka namba hazisomeki. Lori likapata nafasi likapita. Kosta ikapita pia, kwa honi ndefu. Nikabaki mimi na pikapu.

Ilikuwa imewasha indiketa ya kulia. Nikasema vema, anakata kulia, nitapumua. Tukapita njia panda ya kwanza, hakukata. Ya pili, hakukata. Indiketa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, na mwendo ni uleule wa arobaini. Nikaamua kwamba dereva ameisahau. Nikampa taa kubwa, kisha honi, kisha honi nyingine ambayo siwezi kuielezea mbele ya watu wa kanisani kwetu. Kwenye kona inayoingia mashamba ya chai nikachoka. Nikatoka kulia nimpite.

Mtoto yeyote aliyekulia kando ya barabara ile anajua. Gari la mbele likiwasha kulia bila kukata, linakuambia usije, kuna kitu. Likiwasha kushoto bila kukata, linakuambia pita, nimekuangalizia. Madereva wa malori yaendayo mpakani hupeana taa hizo mchana kutwa, na aliyepita hushukuru kwa honi mbili fupi. Nilijua hayo kabla sijajua kuandika jina langu. Nilikuwa nimeyasahau tu, kama mtu anavyosahau nyumba aliyozaliwa ina madirisha mangapi.

Lori la ndizi lilitokea kwenye kona limejaa barabara. Sikumbuki nilifanya nini, naona sikufanya kitu. Aliyefanya ni pikapu: ilikanyaga breki, ikaingiza tairi mbili kwenye nyasi, ikaniachia nafasi ya upana wa gari langu na labda ya ukucha. Nikajichomeka. Sikusimama kumshukuru mtu. Kwenye kioo niliiona ikirudi barabarani taratibu, indiketa bado inawaka, na mimi nikaongeza mwendo kwa aibu.

Nyumbani sikumkuta Mama. Binti anayemsaidia kazi akasema amekwenda Kiwira, kwani si leo ni Alhamisi? Nikakaa barazani. Nilijaribu kurudia hotuba yangu, hoja ya kwanza ikiwa usalama barabarani.

Kisha ikaingia getini pikapu ya kijani. Geti letu liko upande wa kulia ukitokea Kiwira, kwa hiyo safari hii indiketa yake ilikuwa sahihi hata kwa mtu wa nadharia.

Alishuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili, kitenge kichwani, sweta la buluu alilolivaa zamani kazini. Nikasema shikamoo, Mama. Akasimama kidogo akiitafuta sauti, kisha akatabasamu kuelekea upande wangu.

"Marahaba, baba. Kumbe Profesa amekumbuka njia."

Mimi si profesa. Nimekuwa mhadhiri mwandamizi kwa muda ambao wenzangu wametumia kuwa maprofesa na wengine kustaafu. Mama analijua hilo vizuri sana.

Nikamuuliza gari limepakwa rangi lini. Akasema mwezi wa pili, mafundi walimuuliza wapake rangi gani, akawaambia ya majani, ili akiingia shambani asionekane. Tukaenda kukaa jikoni kwenye joto. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza, ile isiyo na haraka. Akamimina chai, akanipa habari za mama mkubwa: leo amekula vizuri, amemgombeza kwa kuchelewa, amemuuliza kama pikapu imegeuzwa toroli. Kisha, akipuliza chai yake, akasema kwamba njiani alikutana na mtu mmoja wa haraka, maskini, nusura aende.

Nilimtazama. Nilidhani ananichezea, maana ndivyo alivyotulea: hakuuliza nani amevunja chungu, aliusimulia tu uvunjikaji wake mpaka mvunjaji aanze kulia. Gari langu jeupe lilikuwa limesimama uani, matope ya barabara ile ile ubavuni. Sikuweza kuvumilia.

"Ni mimi, Mama. Aliyekupita kwenye kona ya chai ni mimi."

Aliweka kikombe chini. Hakuwa ananichezea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia habari kwa mara ya kwanza.

"Wewe?"

"Mimi."

Akanyoosha mkono akanishika sikio, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa darasa la pili, lakini hakulivuta. Alilishika tu.

"Sikukujua," akasema. "Niliona kitu cheupe. Nilisikia honi ya mtu asiye na mama."

Nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimesikia alichokisema kwanza. Gari langu ameliona mara nyingi. Lilikuwa nyuma yake mita chache, mchana, kabla ya mvua. Nikamuuliza, kama hakuliona gari langu, lile lori la ndizi aliliona vipi mpaka akawasha kulia.

Akainuka kuangalia maharage yaliyo motoni, ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Alinieleza akiwa amenipa mgongo. Lori hakuliona. Pale kwenye kona yeye huwasha kulia kila siku, liwepo lori lisiwepo. Na si pale tu. Kutoka Kiwira mpaka getini, na kutoka getini mpaka Kiwira, anawasha kulia tangu mwanzo hadi mwisho. Alikwenda kwa daktari wa macho mwaka jana, akaambiwa ni presha ya macho, kwamba dawa itazuia yasipotee zaidi lakini yaliyokwisha kupotea hayarudi. Barabara anaiona, mtu na ng'ombe anawaona akienda taratibu. Kilichopotea ni mbali. Na taa ya kushoto, akasema, inahitaji mbali.

"Nitamwambiaje mtu pita, na mimi sijui kilichoko mbele? Nimepokea watoto wa nusu ya wilaya hii. Siwezi kumpa mtu njia nisiyoiona." Akafunika sufuria. "Tangu masika ya mwaka jana sijampa mtu kushoto."

Hivyo foleni ile iliyomsumbua jirani, na ndugu zangu, na mimi na nadharia yangu, haikuwa ya uzembe. Zamani malori yalimpenda, alisema, kwa sababu alikuwa akiyapitisha vizuri, na yakimpita yalipiga honi mbili. Sasa yanapiga moja, ndefu. Alisema hilo bila kulalamika, lakini niliona kwamba ndilo lililomuuma kuliko daktari.

Hotuba yangu niliiacha pale pale, na hitimisho lake. Nilimwambia tu kwamba nimetumwa kuchukua funguo. Akasema anajua, dada yako ana mdomo. Akazitoa mfukoni mwa sweta akaziweka mezani kati yetu, kando ya sukari, akazifunika kwa kiganja.

"Na Alhamisi?" akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Mimi sina kipindi Alhamisi. Nimekuwa sina kipindi Alhamisi kwa miaka mitano, na siku hiyo huwa naiita ya utafiti. Nimetafiti sana kochi langu siku hizo. Nikamwambia nitakuja mimi.

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Hakuondoa kiganja mara moja. Alikuwa amewahi kusikia ahadi zangu. Akaniuliza kama nitaendesha kama leo, nikasema hapana. Akasema basi tutaenda arobaini, na gari ni lake, na akisema simama nisimame. Nikakubali masharti yote. Ndipo akasukuma funguo upande wangu, kwa kidole kimoja, kama mtu anayemsogezea mgeni chumvi.

Ndugu zangu niliwaandikia kwamba kazi imekamilika. Kaka akajibu kwa kidole gumba. Dada akapiga simu akalia.

Sasa ni mwezi wa nne wa kazi hiyo. Alhamisi mbili nimekosa: moja kwa mitihani, na moja kwa uvivu, ambayo Mama aliijua kuwa ya uvivu na akaitangaza Kiwira, mama mkubwa akanisomea kosa langu huku miguu yake ikiwa kwenye beseni. Zilizobaki nimefika. Naacha gari langu uani, naingia pikapu. Mama anakaa kushoto na chombo cha maziwa mapajani. Tunakwenda arobaini. Nikifika arobaini na tano anakohoa.

Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Kiwira, ukungu umeshuka nusu, likatufikia kwa nyuma gari jeupe, jipya, la mtu mwenye mahali pa kuwahi. Nikawasha kulia kwa sababu kona ilikuwa mbele. Akanipa taa kubwa. Akanipa honi. Nikajikuta nimefungua mdomo kusema neno langu moja la zamani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mwache," Mama akasema. "Labda anakwenda kumwona mama yake."

Nikafunga mdomo. Tuliimaliza kona, lori moja likapishana nasi, kisha barabara ikanyooka kati ya chai, mvua imeiosha.

"Kuna nini mbele?" akaniuliza.

Nikatazama kwa makini. Nadhani sijawahi kuitazama barabara namna ile katika maisha yangu. Nikamwambia hakuna kitu, ni wazi mpaka kwenye miti.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama."

"Basi mpe."

Nikawasha kushoto. Gari jeupe likatoka, likatupita, likarudi upande wake, na lilipokuwa limeshafika mbali likapiga honi mbili fupi.

Mama alikuwa ameinua mkono hata kabla ya honi ya pili. "Ndaga," akasema, akilishukuru gari asiloliona, kisha akarekebisha chombo cha maziwa, kitupu, mapajani.