Bakuli la Maua na Vishimo vya Bibi

Jumapili iliyopita, hapa kwangu Lisekese, binti yangu alijikunja kwenye kochi na simu yangu, uso kaukunja kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Nikadhani amekosana na rafiki yake. Kumbe ni mchezo. Kuna watu wanne, nyumba zao nne na wanyama wao wanne, na wewe unapewa maneno machache tu: wa nyumba nyekundu hafugi paka, mwenye mbwa anakaa jirani na fundi, basi. Chini yake pana viboksi vimepangwa mistari. Ukijua jambo ni kweli unaweka vema, ukijua si kweli unaweka kosa, mpaka kila mtu apate nyumba yake na mnyama wake. "Mama, huu huuwezi," akaniambia bila hata kuniangalia. "Ni wa kisasa."

Wa kisasa! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mchezo huo mimi nimeucheza Mkunya, kule Newala, uani kwa bibi yangu, na wetu ulikuwa na jambo zito ndani yake. Sogea, rafiki yangu, nikusimulie.

Mkunya ya wakati ule, mwezi wa sita, ilikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Ukungu ulitambaa kwenye mikorosho mpaka asubuhi imekomaa, na sisi watoto tulibanana jikoni tukiota moto na kugombea muhogo wa kuchoma. Sauti ya kwanza ya siku ilikuwa ya jogoo wa jirani yetu wa mpakani, tuliyepakana naye viwanja. Akiwika tu, Bibi alimjibu kutoka kitandani kwa Chimakonde, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakuwa akimtukana bure. Jogoo huyo aliwahi kuwaongoza kuku wenzake wakavuka mpaka, wakafukua shamba la njugu mawe za Bibi, ndiyo kwanza zinachipua. Bibi alimwendea jirani juu juu, jirani naye akajibu juu juu, likatoka neno baya huku na jingine kule. Tangu hapo wakanuniana. Misimu miwili ya kilimo walipishana njia ya bombani, ndoo kichwani, kila mmoja akiangalia mikorosho.

Niliyeumia hasa ni mimi. Jirani yule alikuwa mjane, umri sawa na mama yangu, na binti yake alikuwa rafiki yangu kipenzi. Tukakatazwa kuvuka mpaka. Shuleni tulikaa dawati moja, tukagawana hata penseli, lakini tukikaribia nyumbani kila mmoja alishika njia yake kama hatujuani. Nilikuwa nasali kicheche amkamate jogoo yule, nikiamini kwa akili zangu za kitoto kwamba jogoo akiondoka ugomvi nao utaondoka.

Basi mwaka huo, likizo, Jumamosi moja, kaka yangu akatoka jandoni. Sherehe za kutoka jando unazijua: ngoma, vumbi, vigelegele, na kaka mwenyewe kapakwa mafuta anang'aa, hataki tena kuchezeana na sisi. Na chakula. Siku kama hiyo jirani anapika kwake, anafunika bakuli kwa kitambaa, anampa mtoto alilete mlango wa jikoni, na kwa wingi wa watu hakuna anayeangalia mtoto ni wa nani. Chakula kinakwenda kwa wageni, chombo kinabaki kwenu. Sherehe ikiisha chombo kinarudi kwa mwenyewe, na hakirudi kitupu. Bibi alikuwa ameficha korosho za msimu uliopita kwa ajili hiyo hiyo, na sisi tulikuwa tunajua alipozificha.

Sasa, Mkunya maji yalikuwa ya kuhangaikia. Ndiyo maana vyombo vilisuguliwa kwanza kwa majivu na mchanga, kisha vikasuuzwa kwa maji kiduchu. Mama mdogo, ambaye mawifi zake walikuwa bado hawajaondoka na alitaka wamwone mchapakazi, alivisugua vyombo vya majirani kwa nguvu zake zote. Viling'aa mno. Ila kila mama mtaani alikuwa na alama yake ya rangi ya kucha chini ya chombo, mmoja nukta, mwingine msalaba, mwingine mstari. Alama zote zikaenda na majivu.

Jumatatu alasiri vilikuwepo mkekani vyombo vinne, safi kuliko siku vilipotoka dukani, na hakuna aliyejua kipi ni cha nani: bakuli la plastiki la kijani, bakuli jeupe la mstari wa bluu, sufuria ndogo, na bakuli la bati lenye maua mekundu.

"Tuwaulize tu wenyewe, Mama," mama mdogo akasema.

"Umuulize mtu bakuli lake ni lipi?" Bibi akamaka. "Si umeshamwambia chakula chake hukukiona! Afadhali umrudishie kigae."

Mama mdogo akaona atengeneze mambo. Vyombo vinne, akasema, na majirani wanaotuletea siku zote ni wanne: mke wa fundi cherehani, mke wa muadhini, mwalimu, na mke wa mwenye mashine ya kusaga. Lile la maua, kwa uzuri wake, litakuwa la mke wa mwenye mashine, kwani nani mwingine ana pesa ya kununua bakuli kama lile? Alikuwa ameshalijaza korosho na kujifunga kanga ya pili tayari kwenda.

"Ngoja," Bibi akasema. "Kaa chini."

Akachukua mpini wa mwiko, akachimba vishimo kwenye mchanga wa uani kama vya bao. Safu nne kwa wanawake wanne, na kila safu vishimo vinne kwa vyombo vinne. Akatuita sisi watoto, maana sisi ndio tuliokula kila kitu, akasema matumbo yetu yatakuwa mashahidi. Ganda la korosho maana yake siye. Korosho nzima maana yake ndiye. "Na atakayekula ndiye yangu, nitamjua," akatuonya.

Tukaanza na la kijani. Plastiki hata ikisuguliwa haitoki harufu, na lilikuwa bado linanukia iliki. Vitumbua! Tulipiga kelele wote. Bibi akauliza, vitumbua vinakaangwa kwa nini? Kwa chuma cha vitumbua. Na mtaa mzima chuma kilikuwa kimoja, chetu, kilichokuwa kikizunguka nyumba hadi nyumba. Wiki ile alikiazima nani? Mama mdogo akakumbuka: mke wa fundi cherehani, na alikirudisha asubuhi ya sherehe kikiwa bado cha moto. Korosho moja ikaingia kishimoni. Kisha Bibi akatufundisha jambo ambalo binti yangu hapa kwenye kochi alikuwa hajaling'amua: ukishamjua ndiye, usisahau kuweka maganda. Mke wa fundi hana chombo kingine, na la kijani halina mwenyewe mwingine. Maganda yakaanguka upande na juu na chini, na ghafla vishimo vilivyobaki vikawa vichache.

Likafuata jeupe. Hilo nililijua mimi, kwa sababu tuligombania kiazi cha mwisho cha pilau ndani yake na niliishia kulamba ule mstari wa bluu. "Pilau ilikuwaje?" Bibi akaniuliza, kanikazia macho kama hakimu. Nikafikiri. Nikasema ilikuwa tamu, ila ilikuwa na kaharufu ka mafuta ya taa. Bibi akapiga makofi kwa furaha. Mtaani kwetu wote tulipikia kuni isipokuwa mwalimu, aliyekuja na jiko lake la mafuta kutoka kwao na kujivunia sana. Korosho kwa mwalimu, maganda kwa wengine. Nilijiona mkubwa kuliko kaka yangu na jando lake.

Vikabaki sufuria ndogo, iliyoleta mbaazi, na bakuli la maua, lililoleta kuku wa tui la korosho, kuku ambaye mpaka leo nikimkumbuka mate yanajaa. Wakabaki mke wa muadhini na mke wa mwenye mashine. Hapa palikuwa rahisi. Kuku wa muadhini walikuwa wamekufa wote kwa kideri, uwanja wake ulikuwa kimya mpaka unaogopesha. Basi zake ni mbaazi. Sufuria ikapata mwenyewe.

"Si nilisema?" mama mdogo akanyanyuka na bakuli la maua. "Amebaki mke wa mwenye mashine."

Kweli, kishimo kilikuwa kimoja tu. Mkono wa Bibi ukanyanyuka na korosho, ukasita.

"Jumamosi ulinipa firigisi," akamwambia mama mdogo. "Uliitoa wapi?"

"Kwenye hili hili. Ilikuwa juu kabisa ya nyama, imewekwa peke yake."

Bibi akaishusha ile korosho. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mwenye mashine alikuwa maarufu kwa jambo hilo. Aliwahi kususa chakula cha wageni wake mwenyewe kwa sababu firigisi haikuonekana. Mwanaume yule aache firigisi itoke nyumbani kwake, ije kwa bibi kizee wa watu? Bibi akatikisa kichwa, akaweka ganda kwenye kile kishimo cha mwisho. Sasa bakuli la maua halikuwa na mwenyewe hata mmoja.

"Mke wa mwenye mashine safari hii hakuleta. Hili limetoka nyumba isiyo na mwanaume," akasema polepole.

Akachimba kishimo kimoja zaidi, peke yake, upande wa mpakani. Hakutaja jina. Alitutazama sote, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Jamani, jogoo amewika leo?"

Tukatazamana. Hakuwika. Hakuwika Jumapili. Jumamosi yenyewe, kwa ngoma zile, nani angesikia? Siku mbili tulikuwa tunaamka jua limeshatoka na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Jogoo yule yule, wa njugu mawe, tulikuwa tumemla sisi, kwa tui la korosho, na firigisi yake alikula Bibi.

Mama mdogo akaketi taratibu, bakuli mapajani. Alielewa, na hata mimi nilielewa. Jirani alikuwa amemchinja jogoo wake na kumleta kimyakimya, akaacha bakuli lake aone litarudi vipi. Lingepelekwa mashineni, angengoja, angengoja, na lisingerudi. Na mtu akishachinja jogoo akanyamaziwa, hapo hapana tena wa kuwapatanisha.

Bibi aliinama, akaweka korosho kwenye kile kishimo cha pembeni. Alipoinua uso alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akamwaga korosho za mama mdogo kutoka kwenye bakuli la maua, akaingia jikoni, akalijaza njugu mawe za kuchemsha. Njugu mawe, unaelewa? Akajitanda kanga yake nzuri, akanipa bakuli nibebe, tukavuka mpaka.

Jirani alikuwa anatwanga. Alipotuona mchi ukabaki hewani.

"Hodi," Bibi akasema.

"Karibu." Akautua mchi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekurudishia bakuli lako."

Jirani akafunua kitambaa. Alitazama njugu, akamtazama Bibi, na kicheko kikamtoka mpaka akashikilia kinu asianguke. "Kumbe zilibaki?"

"Kumbe yule jogoo naye alikuwa na nyama?" Bibi akajibu.

Mimi sikungoja kusikia zaidi. Rafiki yangu alikuwa amechungulia mlangoni, na tulikimbia pamoja kuzunguka nyumba yao bila sababu yoyote, mpaka giza likaingia na hakuna aliyetuita.

Bibi hayupo tena, na mjane yule naye amemfuata. Ule uwanja wa mchanga mjomba ameumwagia sementi, huwezi kuchimba kishimo hata kwa jembe. Bomba liko mlangoni, vyombo vinaoshwa kwa sabuni ya maji, na nani leo anapaka rangi ya kucha chini ya bakuli? Mwaka jana nilikwenda Newala kwenye sherehe, chakula kikaja kwenye vifungashio vya kutupa. Kilikuwa kitamu, sitasema uongo. Lakini tulipomaliza, vyote vilitiwa kwenye kiroba vikachomwa, na hakuna aliyekuwa na cha kurudisha kwa mwenzake. Nilirudi Lisekese nimeshiba na moyo umepoa.

Hadithi hii Jumapili ile nilimsimulia binti yangu pia, na nilipofika hapo alikuwa ameshaweka simu chini. Nikanyanyuka, nikatoa kabatini bakuli la bati. Limebanduka rangi, na maua yamebaki mawili na nusu. Lilikuja wiki iliyopita na basi la Newala, limejaa vitumbua, kutoka kwa rafiki yangu, ambaye bado anakaa nyumba ile ile ya mpakani. Kabla ya hapo nililipeleka mimi na mbaazi. Kabla ya hapo alilileta yeye. Ndivyo lilivyokwenda na kurudi tangu siku ya jogoo, kwanza kati ya Bibi na mjane yule, kisha kati yetu sisi wawili.

Akaligeuza, akatafuta alama chini. Hapana kitu.

"Sasa mama, kwa haki, hili bakuli ni la nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sijui. Na nikafurahi sana kwamba sijui.

"Wiki hii ni letu," nikamwambia. "Kalete korosho."