Irabu Zilizobaki Nyumbani

"Mbukwenyi!" mzee wa kanisa Nathanaeli aliwasalimu kwa Kigogo, akapanda juu ya kreti la soda ili aonekane.

"Mbukwa!" waliitikia watu, wanaume kutoka mabenchi ya kulia, wanawake kutoka mabenchi ya kushoto, watoto kutoka popote.

"Ndugu zangu, wageni wetu waheshimiwa, na ninyi ambao ibadani sikuwaona lakini harufu ya biriani imewaleta. Leo natangaza jambo zito. Tangu Mgogo wa kwanza amfunge ng'ombe wake kengele shingoni, hapa Nkuhungu hapajapata kutokea bingwa wa upatanifu wa irabu za Kimongolia. Sasa yupo. Msiniulize ni kitu gani, maana hata mimi nilipoambiwa nilidhani ni ugonjwa. Bingwa mwenyewe ni mwalimu wetu wa kwaya, Kefa Matonya. Kamfundisha mtoto wa mwenzake mpaka akapata nafasi ya kwenda Mongolia, na binti yake wa kumzaa kabaki hapa hapa! Makofi!"

Makofi yakapigwa. Kefa, benchi la mbele upande wa wanaume, aliinama akachunguza kamba za viatu vyake kama mtu anayetafuta tundu la kuingilia. Ng'ambo ya pili, kwenye benchi la wanawake, binti yake Anitha alikuwa akimtazama. Hakuwa akipiga makofi.

Kefa alizaliwa Haneti, na sauti yake ndiyo iliyomtoa huko. Kwaya ya Haneti ilimpeleka kwenye tamasha mjini, mjini akabaki, akapata leseni ya udereva, na udereva ukamfikisha Kongwa kwenye mradi mmoja wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kumwendesha daktari wa mifugo kutoka Mongolia, mama mfupi, mkali, mpenda chai ya chumvi, aliyeitwa Oyuun. Redio ya gari lao ilikuwa imekufa, na Oyuun hakuwa mtu wa kuvumilia ukimya. Akaanza kumfundisha dereva wake Kimongolia.

Kefa angeshindwa siku ya kwanza kama Oyuun asingemwambia kwamba kwao irabu zina jinsia. Zipo za kiume na zipo za kike, na hazichanganyiki ndani ya neno moja.

"Aa," alisema Kefa, "kumbe ni kanisa la Haneti!"

Maana kule Haneti mwanaume hukaa kulia na mwanamke kushoto, na ole wake bwana harusi atakayesahau. Kefa akalipanga somo lote hivyo kichwani. Kulia wamekaa a, o na u. Hao ni wanaume. O na u wakivaa hereni, yaani vile vinukta viwili juu ya kichwa, wanageuka ö na ü, wanawake, na wanahamia kushoto. Hapo kushoto wanamkuta e, bibi mtu mzima asiyehitaji hereni ili ajulikane ni mwanamke. Na i? Huyo ni mtoto. Mtoto kanisani hukimbia benchi hili na lile, na hakuna anayemfukuza.

Kiambishi cha mwisho kikija, kazi yake ni kuchungulia mlangoni aone neno limekaa upande gani, kisha kikae hapo. Mbuzi ni yamaa, neno la kiume, kwa hiyo mwenye mbuzi ni yamaatai. Ng'ombe ni üher, ana hereni huyo, kwa hiyo mwenye ng'ombe ni ühertei. Zilikuwepo kona nyingine ambazo Kefa hakuzifikia, lakini mpaka hapo alikuwa amefika mbali kuliko Mgogo yeyote aliyemfahamu. Wala halikumshangaza sana. Sisi nasi tunasema andikia lakini tunasema somea, na hakuna aliyetuchapa ndipo tukajua. Sikio limekaa kwenye benchi lake.

Oyuun akamaliza mkataba, akarudi kwao. Kefa akahamia Nkuhungu, akachukua kwaya, na siku za kazi akaendesha pikapu ya Mohsin, mwenye duka la dawa za mifugo mjini. Kimongolia kikalala kama koti la mvua la Dodoma, kitu unacho lakini hukihitaji.

Kisha Oyuun akapiga simu. Kulikuwa na nafasi moja ya kijana mwenye stashahada ya afya ya mifugo kwenda kusoma kwao. Angewasaili yeye mwenyewe kwa video, na anayejua lugha kidogo angependeza.

Anitha alikuwa na stashahada hiyo. Kwa bahati mbaya ya Kefa, Dilnaz, binti wa Mohsin, naye alikuwa nayo, tena walisoma darasa moja.

"Baba Anitha," Mohsin alimwambia, amemshika mkono kwa mikono yote miwili, "mimi mtu wa kumwomba ni wewe tu. Mfundishe na wangu. Akishinda Anitha, tutasherehekea. Akishinda Dilnaz, tutasherehekea. Sisi si ndugu?"

"Ndugu kabisa, bosi," alijibu Kefa, akakumbuka kwamba nafasi ni moja tu.

Anitha alifundishwa nyumbani, jioni, benchi la kulia na benchi la kushoto, hereni na kila kitu. Dilnaz alifundishwa mchana, chumba cha nyuma cha duka, katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Huko Kefa alifungua mlango mmoja tu wa kanisa.

"Kuna a, o na u," alisema. "Ni wanaume. Hukaa pamoja."

Dilnaz, ambaye msikitini kwao anajua vizuri nani hukaa wapi, aliuliza papo hapo, "Na wanawake, Mwalimu? Wanakaa wapi?"

Lilikuwa swali la akili. Mwalimu mwema angefurahi. Kefa alitazama magunia, akasema, "Kwa Wamongolia wanawake wamebaki nyumbani."

"Maskini," alisema Dilnaz.

Kefa angeweza kubeba uongo huo bila shida kama si chakula. Mama Dilnaz, Sherbanu, hakuamini kwamba mtu anaweza kufundisha na njaa. Kila baada ya somo alileta sahani, leo sambusa, kesho chapati na kuku wa mchuzi mzito, na alisimama pale pale aone anakula.

"Kula, Mwalimu. Mtoto wangu anasema unafundisha kwa moyo."

"Ahsante, Mama Dilnaz."

"Mbona haishuki? Pilipili nyingi?"

"Hapana, mama. Tamu. Tamu sana." Na sambusa ilikaa kooni imegoma, kama ng'ombe mbele ya josho.

Hata kwaya ilimsaliti. Sauti za wanawake zilipopaswa kuingia, Kefa alisahau kupunga mkono. Mwimbaji mmoja, Debora, akamuuliza kama leo wao hawahitajiki. Watu wakacheka. Kefa naye alicheka, akatoka nje akainama akakunywa maji ya bomba mpaka shati likaloa.

Asubuhi ya usaili aliwapeleka wasichana wote wawili kwa pikapu hadi ofisi ya mradi Kongwa. Anitha alikaa katikati, Dilnaz dirishani na hereni zake za dhahabu za Idi, akifanya mazoezi kwa sauti.

"Yamaatai, mwenye mbuzi. Ühertai, mwenye ng'ombe. Ühertai, ühertai."

Anitha aligeuza shingo polepole. Alimtazama Dilnaz, kisha akamtazama baba yake.

"Baba," alisema, "huyu hujampa hereni?"

"Hereni gani?" aliuliza Dilnaz, akajishika sikio.

Kefa alikuwa na nafasi ya kukanyaga mafuta. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yake. Anitha aliendelea kumtazama, na macho yake ndiyo yaliyouvuta usukani kuelekea pembeni. Kefa akasimamisha gari kando ya shamba la zabibu.

Hapo palikuwa pahali pa kusema, nilikudanganya, mwanangu. Kefa akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Kuna somo la mwisho. Nililiweka akiba. Huwa halitolewi mapema."

Akamfundisha harakaharaka, vidole vya mkono wa kulia wanaume, vya kushoto wanawake. Anitha ndiye aliyemsahihisha Dilnaz alipokosea. Dilnaz alilishika upesi, macho yakimng'aa. "Kumbe wapo!" alisema. "Mwalimu, Mungu akubariki."

Anitha alitazama mizabibu.

Jioni Oyuun alimpigia Kefa, kwa Kiswahili chake cha Kongwa. "Wote wawili wanaongea kama wewe," alisema. "Vibaya. Lugha watajifunza huku. Niliuliza ndama amekwama kuzaliwa, unafanya nini? Binti yako alisema atamwita daktari. Huyu mwingine alikunja mikono ya nguo akanionyesha. Namchukua huyo."

Kwa hiyo ilikuwa bure. Zile irabu alizoficha hazikumwongezea Anitha chochote, wala hazikumpunguzia Dilnaz. Ungedhani hapo mzigo ungekuwa mwepesi. Haukuwa. Mwizi aliyekuta sanduku tupu bado amevunja mlango, na Kefa alilijua hilo kila alipopishana na Anitha jikoni, naye Anitha akamwandalia chai kwa heshima zote bila kumtazama.

Na sasa Mohsin na Sherbanu walikuwa wamekuja uani kwa kanisa, wamebeba sufuria la biriani la kushibisha kwaya nzima, kumshukuru. Sherbanu alikuwa ameketi benchi la kushoto karibu na Anitha, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Dilnaz alisimama.

"Mwalimu alinihifadhia somo la mwisho," aliwaambia watu. "Bila yeye nisingejua hata kama wanawake wapo."

Kicheko, vigelegele. Mohsin aliweka mkono moyoni, akamtazama dereva wake kama mtu anayetazama ndugu.

Kefa alijua namna ya kulipita jambo hili. Angeinuka, angesema utukufu kwa Mungu, angeanzisha wimbo, na ingekuwa imekwisha. Mohsin angebaki rafiki. Biriani lingeliwa. Aliinua macho mpaka ng'ambo, na Anitha alikuwa bado anamtazama, mikono imelala mapajani.

"Mwalimu Kefa," alisema mzee Nathanaeli kutoka juu ya kreti, sauti imejaa Roho na soda, "simama uwaambie watu wa Mungu. Moyo mkubwa namna hii umeutoa wapi?"

Kefa akasimama.

"Hakuna moyo, mzee," alisema. "Nilimficha Dilnaz nusu ya irabu ili aende Anitha, na bado hakwenda."