Msalaba wa Wino Kiunoni mwa Baba Mkwe

Mimi nilifundwa hivi: baba mkwe akitokea, jitande kanga usoni, pita kando. Kwetu Wanyakyusa hilo halina mjadala. Miaka sita niliyoolewa pale Ilomba, sura yake sikuijua sawasawa, na yeye hakuwahi kunisemesha.

Kansa yake ilikuwa imetoka kwenye figo ikatua mahali pamoja tu, mfupa wa nyonga. Kule Dar walianza kumchoma mionzi, kisha wakampa wiki mbili apumzike nyumbani. Kiunoni walimchora msalaba kwa wino wa zambarau, wa kuwaonyesha pa kulenga. Barua niliyomsomea mama mkwe ilisema usifutike, na ukififia ukolezwe palepale.

Basi mama wa watu, kwa huruma zake, akamkanda mumewe kwa maji ya moto na mafuta, kama tunavyomkanda yeyote anayeumwa nyonga. Mchana akaja jikoni analia.

"Mwanangu, nimeufuta. Macho yangu haya hayaoni. Njoo uuchore wewe."

"Mimi? Mama, thubutu!"

Lakini nani mwingine? Mume wangu alikuwa kazini Iringa, jirani naye baba mkwe hamtaki, na kesho yake mzee alitakiwa kupanda basi kurudi Dar.

Nikaingia. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, shuka imefunuliwa pale tu. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka meno yakagongana. Mstari mmoja ulionekana kwa mbali. Ule wa kuukatisha, hakuna kitu. Nikakisia, nikachora.

"Umeuona wote?" akauliza, bila kugeuka.

"Ndiyo, baba."

Asubuhi stendi nilijificha nyuma ya mama mkwe, nimejitanda, nawaza mionzi ikimuunguza utumbo mzee wa watu kwa uongo wangu. Alipokanyaga ngazi ya basi, nikashindwa. Nilivua kanga usoni nikapiga kelele, mkwe mzima, mbele ya umati.

"Baba! Mstari wa pili nimeubuni! Mwambieni daktari apime upya!"

Mwanamke mmoja akasema, "Huyu karogwa." Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu.

Baba mkwe aligeuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

"Nitamwambia," alisema. "Hata mimi naogopa, mwanangu."